Mwalimu Wadie Bishara, Mtu wa Mallawi na wa Tiaret

Mababa mapadri, wazee wa ukoo wa Mikhail, majirani, na ninyi wanafunzi wa marehemu mliojaa mpaka nje, naomba tusikilizane kidogo kabla hatujamtoa kanisani. Mimi ninayesoma ni Khairia, binti yake. Mambo ya zamani niliyoyaandika hapa nimeyasikia kwake mwenyewe na kwa mama, na pale walipopishana nimemfuata mama.

Mwalimu Wadie Bishara Mikhail alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Februari 1941, katika kijiji cha Nazlat Gawhar, nje kidogo ya Mallawi, mkoa wa Minya. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kwanza wa kiume, wa mzee Bishara Mikhail, mpishi wa asali nyeusi katika kinu cha miwa, na Bibi Malaka Abdelmalek. Jina Wadie maana yake ni mpole. Bibi Malaka alikuwa akisema kwamba watoto wake wengine walipewa majina, lakini huyu alikuja nalo. Alibatizwa katika kanisa hili hili la Mar Girgis.

Masomo aliyaanza katika shule ya kanisa, akaendelea na sekondari hapa Mallawi. Babu alitaka amfuate kwenye kinu, na siku za likizo alimpeleka kukoroga sufuria za asali. Wadie alikuwa akisahau kukoroga kwa sababu ya kufikiria hesabu, na asali ikashika chini. Mara ya tatu ilipoungua, babu alimwambia mbele ya wenzake wote, "Wewe nenda tu shule. Ukibaki hapa utanifukuzisha kazi." Hivyo ndivyo alivyoruhusiwa kusoma. Alimaliza chuo cha ualimu Asyut mwaka 1963, akapangiwa kufundisha hisabati Samalut, na huko alikaa miaka mitano.

Mwaka 1968 Aljeria ilikuwa inatafuta walimu wa kufundisha kwa Kiarabu, maana Mfaransa alikuwa ameondoka na mashule yalikuwa matupu. Marehemu aliomba, akakubaliwa. Bibi Malaka alilia wiki nzima, kisha akamfungia mikate ya jua, ile inayoumuliwa juani, maharage ya ful na chupa ya asali nyeusi. Chupa ile ilipasuka ndani ya sanduku, angani, kabla hajafika. Kwa hiyo Mwalimu aliingia mji wa Tiaret, kule juu kwenye nyanda za baridi, akiwa na mashati matatu yaliyogandana na vitabu ambavyo kurasa zake hazikufunguka tena.

Alipelekwa kupanga kwa Mzee Hammou Belarbi, mwoka mikate aliyekuwa na tanuri kubwa la mtaa, yeye na mkewe, Mama Kheira. Mzee Hammou alimwonesha chumba kizuri cha mbele, chenye dirisha la barabarani, akamuuliza kama kinafaa. Mwalimu akajibu, "Mashi." Kwetu, kama mnavyojua, neno hilo ni sawa, haina neno. Kule Tiaret maana yake ni siyo. Mzee Hammou akafunga mlango, akampeleka chumba cha pili.

"Na hiki?"

"Mashi."

Akampeleka cha juu. "Mashi." Akampeleka cha uani. "Mashi, mashi kabisa." Mwisho Mzee Hammou, jasho likimtoka, alifungua ghala ya unga iliyopakana na tanuri, akasema kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Ndugu yangu, baada ya hapa nina paa tu." Mwalimu naye, akidhani ndicho chumba walichokuwa wamemwandalia tangu mwanzo na kwamba vile vingine alikuwa akioneshwa nyumba kwa heshima, aliweka sanduku lake chini. Ilichukua siku kadhaa kwa kosa hilo kugundulika. Mama Kheira alicheka mpaka akakaa sakafuni. Lakini ghala ile ilikuwa na joto la tanuri mchana na usiku, na baridi ya Tiaret ilikuwa imekwisha kuanza, basi hakuhama. Alikaa kwenye unga miaka mitatu, na shuleni wanafunzi walimjua kwa mgongo mweupe.

Darasani nako hakukuwa rahisi. Tarakimu tano kama tunavyoiandika sisi ni kiduara, na kiduara hicho Aljeria ni sifuri. Siku ya kwanza alijaza ubao kwa hesabu, akamsimamisha mwanafunzi mmoja ajibu, naye akajibu kwa adabu kwamba kila kitu hapo ni sifuri, mwalimu, hata jibu. Marehemu alifuta ubao mzima, akakaa na wanafunzi, akawaomba wamfundishe kuandika. Alipenda kusema kwamba somo la kwanza alilotoa Aljeria alilipokea.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia Novemba, na mfungo wetu wa Kuzaliwa kwa Bwana ukaanza siku chache baadaye. Kwa heshima ya nyumba, Mwalimu alikuwa hali wala hanywi mchana. Jua likizama, Mama Kheira alimwita mezani pamoja na familia: supu, nyama ya kondoo, maziwa ya mgando. Mwalimu alikula tende na mkate, akaacha vingine vyote. Mama Kheira alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili aliweka kijiko chini.

"Nyama yangu ina nini?"

"Haina kitu, mama. Nimefunga."

"Na sisi tumefunga. Jua limezama, tumefungua."

"Kwetu hatufungui kwa jua. Tunaacha nyama, maziwa, mayai na samli."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tarehe saba, mwezi wa kwanza."

Mama Kheira alihesabu siku kwa vidole. "Mchana huli kwa sababu yetu, usiku huli kwa sababu yenu. Sasa wewe utakula lini?" Kisha akamgeukia mumewe. "Hammou, umeniletea mpangaji au umeniletea mbuzi?"

Kesho yake alipika kuskusi kwa mafuta ya zeituni, na juu yake boga, dengu na maharage makavu. Mwalimu alipoletewa sinia akauliza kwa upole kama kuna sukari, kwa kuwa kwetu kuskusi ni kitu cha kula na sukari baada ya chakula. Sitarudia hapa kanisani alichojibiwa. Itoshe kusema kwamba alikula bila sukari, akaomba tena, na tangu siku hiyo Mama Kheira alihesabu mifungo yetu kuliko baadhi yetu tulio hapa. Jumatano na Ijumaa, mwaka mzima, sufuria ya Mwalimu ilikuwa ya mafuta ya zeituni, bila samli.

Kiangazi cha 1971 marehemu alirudi nyumbani kutafuta mke. Shangazi Afaf alimpeleka kwa familia ya Shafiq Tawadros, ambako kulikuwa na binti mshonaji, Insaf, aliyekuwa akifundisha ushonaji kwa wasichana wa parokia. Waliwekwa sebuleni na sinia ya biskuti katikati yao. Mama anasema alimuuliza swali moja tu.

"Huko kuna baridi?"

"Kidogo," akajibu Mwalimu.

Walifunga ndoa katika kanisa hili Jumapili, tarehe 18 Julai 1971, na Septemba wakasafiri. Theluji ya kwanza ilipoanguka, mama alifungua mlango, akaona ua mzima mweupe na tanuri linafuka moshi katikati, akaufunga. "Wadie," alisema, "hicho ndicho kidogo chako?" Ni maneno yaliyoishi nyumbani kwetu. Hata mwaka jana, kabla hajalazwa, bomba la jikoni lilipopasuka na marehemu akasema ni tatizo dogo, mama alijibu vile vile.

Walipewa kile chumba cha mbele. Mama alishona magauni ya maharusi wa mtaa mzima, na kwa ushonaji akajifunza lugha, maana mwanamke anayepimwa kiuno hanyamazi. Alipanda mlenda wetu wa molokhia uani, kwenye makopo, na siku ya kwanza kuupika alimkaribisha Mama Kheira. Mama Kheira alichota, akainua kijiko, akauangalia ukivutika mpaka kwenye bakuli.

"Insaf, binti yangu, hiki kimepikwa au kimemwagika?"

Alikula, hata hivyo. Alikula yeye, wakala na majirani aliowaita waje washuhudie.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mnapajua nusu. Desemba 1972 mama alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake. Waliita jina lake Mina. Padri mzee wa Kifaransa aliyekuwa amebaki mjini alikuja akambatiza kitandani. Mtoto hakufikisha wiki mbili.

Hapakuwa na jamaa hata mmoja wa kusimama na marehemu. Kulikuwa na makaburi ya Wakristo yaliyoachwa na Wafaransa, lango limefungwa kwa mnyororo, na Mzee Hammou ndiye aliyezunguka mji kutafuta mwenye ufunguo. Ndiye aliyebeba sururu. Ardhi ilikuwa imeganda. Mwalimu alitaka kuchimba, Mzee Hammou akamnyang'anya sururu mkononi.

"Baba hachimbi," alimwambia. "Baba anasimama tu."

Mzee wa zaidi ya miaka sitini alichimba peke yake mpaka akamaliza. Mama Kheira ndiye aliyemwosha mtoto na kumfunga kwa kitambaa cha sanda alichokuwa amejiwekea yeye mwenyewe. Padri yule alisali kwa lugha yake. Mwalimu, ambaye kwenye kwaya ya hapa alikuwa akiimba mstari wa nyuma, aliimba peke yake sala yetu ya maiti, yote, bila kuruka. Majirani Waislamu walisimama nje ya ukuta, viganja wazi, kila mmoja akisoma yake.

Baada ya hapo mama alikataa kula. Mwalimu alimbembeleza, padri alikuja, haikusaidia. Siku ya tatu Mama Kheira aliingia na sinia, akaiweka kitandani, akakaa.

"Mimi nimezika wawili," alisema. "Wakubwa, wenye ndevu. Walikwenda kwenye vita, wakarudishwa kwenye gunia. Nilisema sitakula. Unajua nani alinilazimisha? Hakuna. Nilisikia njaa tu, nikajichukia, nikala. Kula, binti yangu. Kujichukia utajichukia baadaye, umeshashiba."

Mama alichota tonge, akalinusa, akalitia mdomoni. Kisha akaanza kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu kuzika. Mwalimu alikimbilia mlangoni akidhani ameumwa. Mama alimnyoshea tonge lingine.

"Ni la mafuta," alimwambia. "Wadie, amepika kwa mafuta."

Ulikuwa mfungo wa Desemba. Mama mwenyewe alikuwa amesahau.

Mimi nilizaliwa Tiaret mwaka 1975. Bibi zangu wote wawili waliandika kutoka Mallawi kwamba niitwe Demiana. Marehemu alijibu kwa heshima kwamba jina limekwisha kupatikana. Ninyi mnalitamka Khairia, kule wanalitamka Kheira, ni jina moja.

Miaka ile ilikuwa na furaha pia, na marehemu asingependa niiruke. Alinunua gari dogo la Renault lililotumika, rangi ya kijivu, ambalo kupanda mlima lilihitaji abiria washuke. Nalo aliwatembeza Mzee Hammou na mkewe, watu waliokuwa wamezaliwa na kuzeeka bila kutoka nyanda zile. Safari moja aliwapeleka Mostaganem kuiona bahari, maana Mzee Hammou alikuwa akinunua dagaa wa huko maisha yake yote na hakuamini wametoka majini wakiwa wengi vile. Mzee alisimama mchangani na viatu mkononi.

"Yote hii ni ya nani?" aliuliza.

"Ya serikali," akajibu Mwalimu.

"Ndiyo maana haitumiki."

Mama Kheira yeye alikwenda mpaka majini, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. "Aliyepika hii," alisema, "hakuonja." Walikula dagaa wa kukaanga pale pale, kwenye karatasi, na kurudi wote wanne walilisukuma gari mlima mzima, wakiwa wamenikalisha mimi peke yangu ndani kama malkia.

Mwaka 1978 nchi hizi mbili, yetu na Aljeria, zilikuwa zimenuniana, na mkataba wa marehemu haukuendelea. Walipewa mpaka mwisho wa Juni. Siku ya kufunga mizigo mama alikaa juu ya sanduku, akasema haendi.

"Nenda wewe na mtoto," alimwambia Mwalimu. "Mimi siwezi kumwacha Mina peke yake kwenye baridi ile."

Mwalimu alitoka akaenda kusimama kwa Mzee Hammou, mbele ya tanuri. Mama Kheira ndiye aliyeingia chumbani.

"Nani amekwambia yuko peke yake?"

"Hana mtu, mama. Hana hata mmoja."

"Ana jirani. Mimi siku ya Idi asubuhi huenda kwa wanangu. Nikitoka kwa wanangu nitavuka barabara niende kwake. Ni hatua chache, na miguu ninayo." Akamshika mkono, akamwinua. "Ondoka juu ya sanduku, utalivunja."

Tulirudi Mallawi. Ndugu yangu Nabil alizaliwa mwaka 1980. Marehemu alifundisha hisabati sekondari ya wavulana hapa mjini mpaka alipostaafu mwaka 2001, na ninyi mliopita mikononi mwake mnajua kwamba hakuwahi kumpiga mtu. Aliyekosea aliambiwa tu, "Rudi mwanzo, nakusubiri," na kweli alisubiri, hata kengele ikilia. Nyumbani, kila Ijumaa, alivaa aproni ya mama akapika kuskusi ya boga na dengu. Shangazi Afaf alipokuja alikuwa anatembea na sukari yake kwenye mkoba.

Miaka ya tisini ilikuwa mibaya kwa Aljeria, watu walikuwa wanauawa barabarani. Mzee Hammou alikuwa amekwisha kufariki. Marehemu alikuwa akipiga simu kila Idi, na mwaka mmoja aliposikia kwamba Mama Kheira bado anakwenda makaburini, kwa Wakristo, katika hali ile, alianza kumsihi. Nilikuwa nimekaa karibu yake, sauti ya bibi yule ilisikika chumba kizima.

"Mama, nakuomba, usiende tena. Mina yuko kwa Mungu, hana shida."

"Nani amekuomba ruhusa?"

"Watakudhuru, mama."

"Wana wangu wawili wako upande huu wa barabara, mmoja upande wa pili. Unataka nibague watoto?"

"Sitaki."

"Basi nipe Insaf niongee na mtu mwenye akili."

Mama Kheira alifariki mwaka 1997, kitandani kwake. Binti yake Fatiha, nesi wa Tiaret, alipokea kazi ile bila kuagizwa.

Hapa nataka kusema jambo ambalo marehemu hakulieleza, na lililoleta maneno katika ukoo. Mnajua kwamba mwaka 2006 baba na mama walisafiri kwenda Tiaret kumchukua Mina, aje alale na wenzake. Amu Fawzi, mdogo wake baba, alikuwa amesimamia kila kitu: alijenga mahali katika kaburi la ukoo, akachonga jina kwenye jiwe, akawaita watu. Siku ya kurudi kwao kijiji kizima kilikuwa kituoni, na wazee wawili wakashuka kwenye garimoshi mikono mitupu. Walipoulizwa, baba alisema, "Imeshindikana." Amu Fawzi alikasirika, na sehemu ile imebaki tupu mpaka leo. Wengine mlisema vibali vilikosekana. Wengine mlisema kaburi halikuonekana.

Kaburi lilionekana. Mama amenipa ruhusa niseme leo.

Walikwenda na Fatiha, vibali vyote mkononi. Mlinzi wa pale alikuwa kijana aliyezaliwa baada ya sisi kuondoka. Wafaransa wengi waliolala mle makaburi yao yalikuwa yamebomoka na kuota nyasi mpaka kiunoni. Katikati ya nyasi kulikuwa na kaburi moja dogo, limepakwa chokaa, na njia nyembamba iliyokanyagwa kutoka langoni. Marehemu alichutama, akaweka kiganja juu ya chokaa. Alisema, "Tumechelewa, bwana mdogo." Kisha akamuuliza mlinzi kama anajua ni la nani.

"Hili?" akajibu yule kijana. "Mji mzima unajua. Ni la mtoto wa Kheira, mke wa mwoka mikate."

Mama alifungua mdomo amsahihishe. Marehemu alimshika mkono.

Walikaa hapo mpaka jua likapanda. Mama ndiye aliyekuwa ameililia safari ile tangu siku aliyoinuliwa juu ya sanduku, na marehemu aliniambia kwamba yeye alikuwa tayari kuchimba kwa mikono yake kama mama angesema neno moja. Mama alinyanyuka, akapangusa gauni.

"Tumwache," alisema. "Mama yake amelala ng'ambo ya barabara tu."

"Una hakika, Insaf?"

"Sina. Twende kabla sijabadilika."

Marehemu hakutaka kulieleza hili kituoni mbele ya watu, kwa sababu aliogopa mama ataonekana kama mtu aliyemkana mtoto wake. Alichagua lawama ziwe zake. Alizibeba miaka kumi na miwili, kimya, pamoja na nduguye wa tumbo moja kutokuvuka kizingiti chake sikukuu kadhaa. Amu Fawzi, uko hapa mbele. Baba hakuwahi kusema neno baya juu yako. Jana mama alipokueleza, nilikuona ukienda kulipangusa lile jiwe la Mina vumbi, na hilo limetutosha sisi watoto.

Ugonjwa wa kisukari marehemu alianza nao mwaka 2009, akawa anaugua na kufanya mzaha nao. Novemba mwaka jana alipata kiharusi, akalazwa hospitalini Minya. Alipopata fahamu alianza kuzungumza, lakini madaktari walituambia anaweweseka, haeleweki hata neno. Nabil na mimi tuliinama karibu, nasi hatukuelewa. Mama aliingia na kikapu chake, akasikiliza kidogo.

"Haweweseki," alisema. "Anamuuliza huyu binti nesi wa hapa kama amekula."

Kilikuwa Kiarabu cha Tiaret. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia maneno ya Mallawi, kikamwachia yale. Mama alivuta kiti, akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, na tangu siku hiyo mpaka mwisho hawakuzungumza nyingine. Msimu wote wa baridi wazee wawili wa Mallawi walikaa katika wodi ya Minya wakizungumza kama watu wa nyanda za Aljeria, wakichekeana, wakisengenya majirani waliokwisha kufa. Sisi watoto tulikaa pembeni kama wageni, tunatafsiriwa yale tu mama aliyoona yanafaa.

Jana asubuhi, Jumanne tarehe 6 Februari 2018, mama alikuwa amekesha. Marehemu alimwangalia, akamwambia, "Tangulia nyumbani ukapumzike. Nakuja nyuma yako." Mama akachukua kikapu. Alipofika mlangoni kwetu simu ilikuwa inalia. Anasema katika miaka yote ya ndoa yao, mtu huyu hakuwahi kumwambia nakuja asije. Nasi tulimleta jioni, mabegani mwa wanafunzi wake, na mama alikuwa amesimama mlangoni akimngoja, kahawa iko mezani. Zilibaki siku tatu atimize miaka sabini na saba.

Marehemu ametanguliwa na mwanawe Mina, aliye Tiaret. Anamwacha mjane wake, Bibi Insaf Shafiq Tawadros; watoto wawili, Khairia na Nabil; wakwe zake, Emad na Mariam; wajukuu watano; dada zake Afaf na Nagat; mdogo wake Fawzi; na Fatiha Hammou Belarbi wa Tiaret, ambaye jana kwa simu alisema hatupi pole, kwa kuwa mfiwa hampi mfiwa mwenzake pole, ila aliomba jina lake lisomwe mahali pa watoto na si mahali pa marafiki. Nimelisoma mwisho, mnisamehe, nilitaka lisikike. Fatiha ni dada yetu.

Bwana amlaze mwalimu wetu kifuani pa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, mahali pasipo ugeni wala safari. Apumzike, ametufikisha.